Wazee wa Maki na Watoto wa Kambi: Sifa za Vizazi na Maisha Halisi katika Fizi na Baraka

Katika mazungumzo ya watu wa Fizi na Baraka, vizazi mara nyingi hutajwa kwa jina la mahali au la mwaka kuliko kwa umri. Husemwa watu wa sitini na nne, wazee wa maki, watoto wa kambi. Kila jina limebandikwa sifa zake. Mtu wa sitini na nne huchukuliwa kuwa ndiye aliyeamini dawa na kuivuruga nchi changa. Mzee wa maki husemwa kuwa ni mgumu, mwenye siri, asiyeizoea serikali yoyote. Mtoto wa kambi husemwa kuwa ni mvivu aliyelelewa kwa mgawo wa chakula, asiyejua jembe wala mila, ila hodari wa Kiswahili cha Tanzania. Makala hii inakusudia kuzipima sifa hizo kwa mizani ya historia inayojulikana ya eneo hilo la Jimbo la Kivu ya Kusini. Suala si la adabu tu. Kama itakavyoonyeshwa, katika Fizi sifa ya kizazi inaweza kuamua ni nani atakayesikilizwa pale shamba linapogombaniwa.

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana ambayo waandishi wengi huyachanganya, nayo ni kizazi na rika. Kizazi linatokana na kitenzi zaa. Ndilo neno linalotaja uzao, tumbo la uzazi la mwanamke, na vilevile watu wa zama moja. Msingi wake ni ukoo: baba ni kizazi kimoja na mwana ni kizazi kingine, hata pale ambapo mjomba ni mdogo kwa miaka kuliko mpwa wake. Rika, ambalo watu wa pwani huliita pia hirimu, ni neno la wenzi, yaani watu waliopitia jambo moja pamoja. Miongoni mwa Wabembe, ambao ndio wengi katika Fizi, jambo hilo kwa wanaume lilikuwa hasa butende, yaani jando. Wavulana walioingia butende pamoja waliweza kupishana kwa miaka kadhaa, na bado wakahesabiwa kuwa rika moja. Wenyeji, basi, walijua tangu zamani kwamba rika hufanywa na tukio, wala halifanywi na kalenda.

Mwanasosholojia Karl Mannheim alieleza jambo la namna hiyo katika makala yake ya mwaka 1928 kuhusu tatizo la vizazi. Kuzaliwa katika miaka ile ile, alionyesha, huwapa watu nafasi moja katika historia lakini hakuwapi mwelekeo mmoja. Ndani ya nafasi hiyo huzuka makundi yanayoyajibu matukio yale yale kwa njia zinazopingana. Ni mara chache mahali pamoja huweza kuithibitisha hoja hiyo kwa ukali kama Fizi inavyoithibitisha.

Vijana wa 1964

Uasi wa Simba ulifika Kivu ya Kusini mwaka 1964. Gaston Soumialot aliuandaa kutoka Bujumbura kwa niaba ya Baraza la Kitaifa la Ukombozi, CNL. Uvira ilianguka mwezi Mei, Albertville (ndiyo Kalemie ya leo) mwezi Juni, na Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, mwezi Agosti. Tangu wakati ule simulizi imebaki ile ile: kwamba ulikuwa uasi wa vijana wasio na adabu, waliokunywa dawa ya kuzigeuza risasi kuwa maji, na kuwapindua wazee wao.

Simulizi hiyo ina kasoro kuanzia kwenye umri. Soumialot alizaliwa mwaka 1922. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei. Laurent-Désiré Kabila, aliyezaliwa mwaka 1939, ndiye aliyekuwa kijana hasa. Dawa yenyewe, ambayo husemwa kuwa ni upumbavu wa vijana, ilikuwa mikononi mwa waganga watu wazima. Aliyevuma kuliko wote katika jeshi la Jenerali Olenga alikuwa mwanamke mtu mzima, Mama Onema. Na dawa iliambatana na miiko mikali: kutoiba, kutomgusa mwanamke, kutogeuka nyuma vitani. Kwamba miiko hiyo ilivunjwa mara nyingi, tena kwa ukatili, hakuna anayekana. Lakini utaratibu uliotungwa na wakubwa na kuvunjwa na wakubwa kwa wadogo hauwezi kuitwa utovu wa adabu wa rika moja. Benoît Verhaegen, aliyetoa juzuu la kwanza la Rébellions au Congo mwaka 1966, alikusanya hati nyingi za waasi wenyewe, na msomaji wake hukutana na watu waliopenda barua, mihuri na vyeo kama makarani wa Kibelgiji waliowatangulia.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mtu aliyekuwa na miaka 15 huko Baraka mwaka 1964 alikuwa na njia nyingi mbele yake, na umri haukumchagulia hata moja. Aliweza kuwa Simba. Aliweza kuwa amepelekwa kusoma Uvira au Bukavu, na kuusikia uasi kwa mbali tu. Aliweza kuvuka ziwa pamoja na mama yake hadi Kigoma. Huko juu Itombwe, miongoni mwa wafugaji ambao leo huitwa Banyamulenge, baadhi ya vijana waliungana kwanza na Simba. Ng'ombe wao walipoanza kuchukuliwa, wengi wa rika lile waligeukia upande wa jeshi la taifa. Uhasama uliozaliwa hapo haujaisha hadi sasa. Walikuwa na miaka ile ile, milima ile ile na njaa ile ile, nao wakaelekezeana bunduki. Anayesema kizazi cha sitini na nne humjumlisha muuaji pamoja na aliyeuawa.

Hata wageni walioingia katika vita hivyo hawakukaa vizuri katika picha ya vijana. Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kutua Kibamba, katika ufuko wa Fizi, tarehe 24 Aprili 1965. Alikuwa anakaribia miaka 37. Wakuba wa kwanza walijipa majina kwa hesabu ya Kiswahili, naye akawa Tatu, baada ya Moja na Mbili. Zaidi ya Wakuba 100 walimfuata. Mwishoni mwa Septemba mwaka ule mamluki wa Mike Hoare walitua Baraka kwa njia ya ziwa, na mwezi wa Novemba Guevara alivuka kurudi Tanzania. Aliandika baadaye kwamba kazi yake ilishindikana, na kati ya sababu alizozitaja ni viongozi waliokaa mbali na uwanja wa vita. Lawama hiyo ilikuwa ya cheo na ya mahali. Umri haukuwamo.

Maki, mzee na kadogo

Tarehe 24 Desemba 1967 Kabila na wenzake waliunda Chama cha Mapinduzi ya Wananchi, PRP, na kukaa katika milima ya Fizi, makao yao makuu yakiitwa Hewa Bora. Wilungula B. Cosma ameandika historia ya miaka hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, kuanzia 1967 hadi 1986. Hiyo ndiyo maki, neno la Kifaransa ambalo Kiswahili cha Kivu kimelimeza hadi likasahauliwa asili yake.

Hapa inafaa kuutazama mkanganyiko mmoja ambao wanafunzi wa historia ya Kongo huurudia mara kwa mara. Katika vitabu vya taifa, watu waliokua kati ya 1965 na 1990 huitwa kizazi cha Mobutu, nao hupewa sifa zao: kuimba na kuchezea chama cha MPR, kuacha majina ya Kikristo kuanzia 1972, kuona maduka yakitwaliwa baada ya Novemba 1973, kisha kujifunza kujitafutia kila kitu. Sifa hizo zinaweza kuwa za kweli kwa Kinshasa. Kwa Fizi ni nusu ya kweli, kwa sababu sehemu ya eneo lile haikuwa mikononi mwa Mobutu. Watoto wa ukoo mmoja waliweza kugawanyika, mmoja akawa kando ya ziwa akijifunza nyimbo za MPR, na ndugu yake akawa mlimani katika shule ya chama kilichoapa kuiangusha serikali hiyo hiyo. Wote wawili wamezeeka, na msikilizaji wa leo huwaita wazee bila kuuliza zaidi.

Maki haikuwa na umri mmoja wala sifa moja. Tarehe 19 Mei 1975 watu wa PRP walivuka ziwa na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni katika kituo cha utafiti cha Gombe, karibu na Kigoma. Mwaka 1984 na 1985 waliushambulia mji wa Moba. Baada ya hapo harakati ilififia. Waliobaki mlimani walikuwa wakulima kuliko askari, na waliokuwa wakionekana Dar es Salaam walikuwa wafanyabiashara kuliko wakulima. Kisha Oktoba 1996 Kabila akatokea tena, safari hii akiwa msemaji wa AFDL baada ya mapatano ya Lemera, na tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ikatwaliwa.

Majina mawili yaliingia Kinshasa siku zile kutoka Kiswahili cha mashariki, na kwa mwanaisimu yanastahili kutazamwa pamoja. La kwanza ni Mzee. Kabila alikuwa na miaka 57, na jina hilo lilikuwa limeshamkaa. Lilikuwa cheo cha maki, lenye maana ya mkubwa asiyejibiwa. La pili ni kadogo, lililoundwa kwa kiambishi ka- cha udogo ambacho Kiswahili sanifu hakikipendi lakini Kiswahili cha Kongo hukitumia kila siku. Kadogo ni mtoto aliyechukuliwa vitani, na wengi wao walitoka Kivu. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1996 amekwisha kupita miaka 40. Pengine ana watoto wanaomzidi kimo. Bado huitwa kadogo. Na Kabila alipouawa Januari 2001, aliyemrithi alikuwa mwanawe Joseph, ambaye kwa mujibu wa wasifu rasmi alizaliwa Hewa Bora mwaka 1971. Alikuwa na miaka 29. Katiba ya 2006 ilipoweka miaka 30 kuwa umri wa chini wa kugombea urais, wengi walitabasamu. Yaani mtu wa miaka 29 alikuwa mkuu wa nchi, huku askari wa umri wa kuanza kunyoa wakiitwa vidogo, na mtu wa makamo akiitwa mzee. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalohesabu miaka. Yote hupima madaraka.

Kambi

Sifa inayowaumiza watu wengi zaidi leo ni ile ya mtoto wa kambi. Vita vya 1996 vilipoanza, maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa Novemba mwaka huo. Ya Lugufu ilifuata mwaka 1997. Vita vya pili vilivyoanza Agosti 1998 viliongeza idadi, hasa baada ya mauaji ya Makobola ya siku za mwisho za mwaka ule na za kwanza za 1999, ambamo mamia ya raia waliuawa. Urejeshaji wa hiari ulianza Oktoba 2005, kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009.

Hesabu rahisi huonyesha udhaifu wa sifa hiyo. Waliovuka mwaka 1996 walikuwa wa umri wote. Bibi wa miaka 60 aliishi kwa mgawo ule ule wa unga na maharagwe kama mjukuu wake. Wala hakuna anayemwita bibi wa kambi. Aliyezaliwa Lugufu mwaka 1997 alikuwa na miaka 12 tu kambi ilipofungwa, kwa hiyo, kama alirudi wakati huo, nusu ya masomo yake na kazi yake yote ya jembe imekuwa Fizi. Kwa upande mwingine, kuna vijana wa umri huo huo ambao wazazi wao hawakuvuka kamwe, waliolala porini na milimani miaka ile ya RCD na Mai-Mai. Hao hawana jina lolote la kizazi, ingawa maisha yao yalikuwa magumu kuliko ya wote.

Uvivu nao una maelezo ambayo hayahusu tabia. Kwa sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 na utaratibu uliofuata, mkimbizi hakuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Mtu hawezi kulima shamba asilofikia. Kuhusu elimu, shule za Wakongo kambini zilifuata mtaala wa Kongo, Kifaransa kikiwemo, ili wanafunzi waweze kuendelea watakaporudi. Kwa hiyo yule anayedhaniwa kuwa ni Mtanzania nusu alikaa darasani akisoma vitabu vya nchi ambayo hakuwahi kuiona.

Lugha ndiyo inayomfichua, au ndivyo inavyodhaniwa. Kijana aliyerudi husema wazee pale wenyeji wanaposema bazee. Husema dagaa, na wavuvi wa Baraka humcheka kwa sababu kwao samaki yule yule ni ndagala. Lakini Kiswahili cha ng'ambo hakikuja Fizi kwa boti za wakimbizi. Katika karne ya 19 biashara ya Ujiji ilikuwa inavuka ziwa hadi pwani hii, na jina la Baraka lenyewe ni alama ya wakati ule. Watu wa maki walikwenda Kigoma na Dar es Salaam kwa miaka ishirini. Mzee wa Hewa Bora anaweza kusema wa- mbele ya mgeni na ba- mbele ya mkewe, katika dakika moja. Viambishi hivyo humtambulisha anayezungumziwa kuliko kizazi cha anayezungumza.

Ndipo linapokuja suala la ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba haki za wananchi juu ya ardhi za kimila zingepangwa kwa amri ya Rais, na amri hiyo haikutolewa kwa miongo mingi. Mashamba mengi ya Fizi, kwa hiyo, hayakuwa na hati; yalikuwa na ushahidi wa mdomo. Familia zilizorudi kuanzia 2005 zilikuta mara nyingi kuna mwingine anayelima, pengine jirani, pengine ndugu, pengine aliyeuziwa kwa nia njema. Mbele ya chifu, anayeaminiwa ni anayejua mpaka: mti, jiwe, kijito. Kijana ambaye baba yake alifia Nyarugusu hana ushahidi huo, na huambiwa kwamba mtoto wa kambi hawezi kujua mpaka. Hoja hiyo inafanana na hekima ya kimila. Ukweli ni kwamba yule mzee anayetoa ushahidi dhidi yake pengine naye alikuwa kambini miaka tisa, au alikuwa mlimani na hakuliona shamba hilo tangu 1967. Hakuna anayemuuliza. Uzee wake umechukuliwa kuwa ni ukaaji.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na haki inadai lisemwe. Vijana waliosoma huwabandika wazee wote sifa ya kuuza nchi kwa vita, kana kwamba kila mwenye mvi alishika bunduki. Wanawake wa rika hilo, waliolima mihogo katika kila utawala uliopita, husahauliwa na pande zote mbili. Majina ya vizazi katika Fizi karibu yote ni majina ya vita, na kwa hiyo ni majina ya wanaume.

Sasa kuna jina jipya, Wazalendo, lililoenea tangu 2023 na kuzidi kusikika baada ya Goma na Bukavu kutwaliwa na M23 mwanzoni mwa 2025. Husemwa kuwa ni vijana. Askari wao wengi ni vijana kweli. Lakini anayetajwa zaidi kati ya viongozi wao katika Fizi ni William Yakutumba, ambaye jina lake limejulikana huko tangu muongo wa 2000, wakati baadhi ya wafuasi wake hawajazaliwa.

Kilichogawa maisha ya watu wa Fizi kwa uhakika zaidi kuliko umri ni tarehe iliyoandikwa katika daftari. Kuanzia 2015 Marekani iliwapokea kwa utaratibu wa pamoja wakimbizi wa Kongo waliokuwa wamekaa Nyarugusu kwa muda mrefu, wengi wao Wabembe. Katika nyumba moja waliondoka nyanya, mama na mtoto mchanga, vizazi vitatu kwa ndege moja. Jirani aliyechelewa kuandikishwa alibaki, na aliyekuwa amepanda meli ya 2005 kurudi Baraka hakuwemo katika hesabu hata kidogo, ingawa alikuwa ameitii nasaha ya kurudi nyumbani. Mwanzoni mwa 2023 Wakongo wengine walifika Kigoma wakikimbia vita, wakapelekwa Nyarugusu, na kuandikishwa upya, jina, mahali walipotoka na siku ya kufika, katika kambi ambamo bado zilikuwamo familia za 1996.